Toka Chang'ombe Hadi Chang'ombe

Anayesafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma anaweza kuaga Chang'ombe na kufikia Chang'ombe. Ya kwanza iko Temeke, jirani na Uwanja wa Mkapa, si mbali na barabara iendayo uwanja wa ndege. Ya pili ni kata ya Jiji la Dodoma, mtaa ambao watu walijenga kwanza na wapimaji wa ardhi wakaja baadaye. Kati ya miji hiyo miwili pana kilomita 390 hivi kwa mstari ulionyooka, na kama 450 kwa barabara. Ratiba za ndege husema saa moja na ushei.

Kilomita hizo ni zilezile alizozikuta mpagazi wa Kinyamwezi miaka 170 iliyopita. Saa ndizo zilizobadilika, na hazikubadilika kwa namna ambayo watu wengi hudhani. Tumezoea kuhesabu maendeleo kwa mwendo wa chombo: miguu, treni, gari, ndege. Lakini ukiifuatilia njia hii kwa makini unaona kwamba muda wake mwingi haukuwahi kuliwa na mwendo. Uliliwa na kungoja, na kila zama zilikuwa na mahali pake pa kungojea.

Zama za misafara, mtu hakuanzia Dar es Salaam. Mji huo Sultani Majid alianza kuujenga miaka ya 1860, wakati njia kuu ya bara ilikuwa imeshajikita Bagamoyo, mkabala na Unguja. Huko ndiko mizigo ilikofungwa: majora ya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, kila mzigo frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30 begani au kichwani pa mtu mmoja. Kurudi ilikuwa pembe za ndovu, na mara nyingi watu waliofungwa minyororo pamoja nazo. Anayeisimulia njia hii kwa kutaja vitambaa na pembe tu ameisimulia nusu.

Wavumbuzi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, mwishoni mwa Juni 1857. Walifika Kaze, jirani na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Karibu miezi mitatu ya safari hiyo ilikatika kabla hawajaingia Ugogo, nchi ilipo Dodoma ya leo. Henry Morton Stanley, aliyekuwa mwandishi wa gazeti na mwenye haraka zake, alitoka Bagamoyo Machi 1871 na mwishoni mwa Mei alikuwa anaikaribia nchi ya Mvumi, ambayo leo ni mwendo mfupi wa gari kutoka Dodoma mjini. Yeye alitumia miezi miwili, na kwa wakati ule hiyo ilihesabiwa kasi.

Mtu aliyeijua njia hiyo kwa nyayo zake kuliko wote hao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi Unguja akiwa huru. Alikuwa na Burton na Speke mwaka 1857. Alikuwa na Speke na msafiri mwenzake Grant mwaka 1860. Stanley alimfanya mkuu wa askari wake mwaka 1871, na mwaka 1873 akafuatana na mvumbuzi mwingine, Cameron, safari hiyo akivuka bara zima mpaka pwani ya Atlantiki. Vitabu waliandika mabwana zake. Angeandika yeye, nadhani tungejua zaidi mahali pa kupata mtama wa bei nafuu na pa kutotembea usiku, na tungesoma machache kuhusu homa za Wazungu.

Kipande kigumu kilikuwa kile cha baada ya Mpwapwa. Chunyo palikuwa na maji, ingawa hayakuwa matamu, kisha njia ikaingia Marenga Mkali, pori la miiba lisilo na kisima mpaka upande wa pili. Hapo msafara haukuweza kutembea kwa desturi yake ya asubuhi, ukafika kambini jua likiwa kichwani na kulala. Ilibidi terekeza: vibuyu vinajazwa, chakula kinapikwa kabla, watu wanaondoka alasiri jua likilegea, wanatembea usiku, wanajinyoosha kidogo chini na mizigo ikiwa kando yao, wanaamka kungali giza na kusonga tena. Aliyetua mzigo akabaki nyuma alikuwa amebaki na kiu yake. Ndiyo maana misafara midogo ilingojeana Chunyo ili kuvuka pamoja, na kungojeana huko peke yake kuliweza kula siku kadhaa.

Kisha Ugogo wenyewe, na hongo. Wagogo hawakuwa na dola moja wala jeshi la kutisha msafara wenye bunduki. Walikuwa na visima. Kila nchi ilikuwa na mtemi wake, na kila mtemi alikuwa na hesabu yake ya vitambaa kabla watu na punda hawajaruhusiwa kunywa na kupita. Magomba, mtemi wa Kanyenye, alikumbukwa na wasafiri wengi kwa jinsi alivyojua thamani ya nchi yake. Mjumbe anakwenda na doti kadhaa. Anarudi nazo: vitambaa ni vibaya, na mke wa mtemi hakukumbukwa. Anakwenda tena. Ndugu wa mtemi naye ana haki yake. Siku ya pili imepita, wapagazi wanakula posho, na mwenye msafara anakokotoa hasara.

Wazungu waliandika haya kama unyang'anyi. Mimi naona ni ushuru wa maji, katika nchi ambayo mvua ikikosa mwaka mmoja watu wanakufa, na msafara wa watu mia kadhaa unaweza kukausha kisima cha kijiji kwa siku mbili. Hata wenye njaa ya faida kutoka pwani walilijua hilo, ndiyo maana walilipa. Lakini kwa hesabu ya muda, hongo ndiyo iliyokuwa saa halisi ya safari. Mpagazi aliweza kutembea kilomita 15 hadi 20 kwa siku. Kwa mwendo huo, kutoka pwani mpaka Ugogo ni mwezi mmoja tu. Mwezi wa pili na wa tatu ulikuwa wa kungoja: chakula, wagonjwa, waliotoroka, mvua, na jibu la mtemi.

Wajerumani waliukata mwezi huo wa pili na wa tatu kwa chuma. Ujenzi wa reli ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, kampuni ya Philipp Holzmann ikiwa mjenzi. Morogoro ilifikiwa mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma Februari 1914, jumla ya kilomita zaidi ya 1,250. Hakuna mapinduzi mengine ya muda katika njia hii yanayolingana na hayo, na ninajumuisha ndege. Kutoka miezi miwili mpaka siku moja au mbili ni kuruka kukubwa kuliko kutoka siku moja mpaka saa moja. Aliyezaliwa Ugogo mwaka 1880 aliwahi kuona hongo ikihesabiwa, na alipofika miaka 30 akaona treni inapita bila kumwomba mtu maji.

Tena reli ilichagua nani awe mji. Kilimatinde, iliyokuwa na boma la Wajerumani na mahali pa kupumzikia misafara, iliachwa kando. Mpwapwa, iliyojulikana na kila msafiri, nayo ilipitwa kwa mbali kidogo. Dodoma, ambayo haikuwa na jina kubwa katika vitabu vya misafara, ikapata stesheni, na baada ya stesheni zikaja ofisi, maduka ya Wahindi na gereza. Kama wapimaji wa Kijerumani wangepitisha reli kilomita 50 kusini, makao makuu ya Tanzania leo yangekuwa na jina jingine.

Reli hiyohiyo ilionyesha haraka sura yake ya pili. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali van Deventer yalishuka kutoka Kondoa na kuingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916. Wajerumani walishachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waliokuja baada yao wakachukua tena. Mvua ikakosa. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, wazee wa Ugogo waliiita Mtunya, na ilivunja nchi. Kilichorahisisha kupeleka bidhaa pwani kilikuwa kimerahisisha pia kuhamisha chakula cha watu.

Miaka 12 baada ya majeshi hayo kuingia, Dodoma ilihusika katika mbio za masafa ambazo dunia nzima ilizifuatilia. Mwishoni mwa Novemba 1928 Edward, mrithi wa kiti cha Uingereza, alikuwa safarini Tanganyika. Akiwa Dodoma alipata simu za maandishi kwamba baba yake, Mfalme George wa Tano, yu mahututi. Hapakuwa na ndege ya kumchukua. Alipanda treni mpaka Dar es Salaam, akaingia katika meli ya kivita Enterprise, ambayo ilikimbia kwa nguvu zake zote mpaka Brindisi huko Italia, kisha treni tena mpaka London, alikofika tarehe 11 Desemba. Wiki mbili hivi, na kila chombo kikiwa kimeamriwa kumpisha. Kipande cha Dodoma na Dar ndicho kilichokuwa kifupi kuliko vyote katika safari ile. Mfalme alipona, akaishi mpaka 1936.

Kisha likaja jambo ambalo wakazi wengi wa Dodoma leo wanashangaa wakilisikia. Kabla ya ndege za abiria kuizoea njia ya Dar na Dodoma, Dodoma ilikuwa kituo katika njia ya London na Cape Town. Shirika la Imperial Airways lilirefusha huduma yake mpaka Cape Town Januari 1932, kwanza kwa barua, na abiria wakafuata Aprili. Baada ya Nairobi ndege zilitua Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika na Broken Hill katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Ratiba ya London mpaka Cape Town ilikuwa siku 11. Ndege zilikuwa nzito za mwendo, haziruki usiku, na kila jioni abiria walilala hotelini.

Kwa hiyo mwaka 1932 mwenye fedha nyingi aliweza kutoka Dodoma kwa ndege kwenda Mbeya, au London kabisa, lakini kwa huduma hiyo asingeweza kwenda Dar es Salaam. Pwani ilibaki ya treni. Ramani ya wakati ule ilikuwa ya kaskazini na kusini, Cairo na Cape, na Dodoma ilikaa penye makutano: reli ya mashariki na magharibi ikikata barabara kuu ya Arusha, Iringa na Mbeya. Hali hiyo haikudumu. Mwaka 1937 Waingereza waliingiza ndege zinazotua majini, na njia ikahamia pwani kupitia Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Ndege ya kutua majini haina la kufanya Ugogo. Wilson Airways ya Nairobi ikabaki kuunganisha miji ya bara kwa ndege ndogo mpaka vita vya pili vilipoizima.

Mwaka 1946 liliundwa East African Airways, na polepole anga ya ndani ikaanza kushonwa kwa Dakota na ndege nyingine za baada ya vita. Waliopanda walikuwa maofisa, wamisionari, wafanyabiashara wakubwa. Mradi wa karanga wa Kongwa, uliokula mamilioni ya pauni kati ya 1947 na 1951 na kuacha mabehewa, matrekta mabovu na karanga chache, ulileta Wazungu wengi Ugogo kwa haraka, na haraka hiyohiyo ukawaondoa. Mwananchi alikwenda Dar kwa treni. Jioni anapanda, asubuhi anashuka, na katikati usiku mzima wa sauti za wauzaji Gulwe, Kilosa na Morogoro: mayai ya kuchemsha, kuku, ndizi, mikono inayopita dirishani na chenji isiyorudi treni ikianza kusogea.

Oktoba 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya serikali yahamie Dodoma. Ilipangwa miaka kumi. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, na mpango wa mji ukaandaliwa na wataalamu kutoka Kanada mwaka 1976. Hoja kubwa ya Dodoma ilikuwa masafa: ipo katikati, kwa hiyo mtu wa Kigoma, wa Mtwara na wa Bukoba wote wasiwe mbali mno na serikali yao. Hoja nzuri, lakini ilimhusu mtu wa Kigoma. Aliyetakiwa kuhama alikuwa ofisa wa Dar es Salaam, na kwa yeye masafa yaliyohesabika yalikuwa yale ya kutoka kwake Upanga mpaka Ugogo, bila bahari, katika miaka ambayo nchi iliingia vitani na Idi Amin, mafuta yakawa haba, na kuendesha gari Jumapili mchana kukapigwa marufuku.

Barabara nayo ilikuwa na desturi zake. Lami ilikuwa imefika Morogoro mapema, ila kutoka Morogoro kwenda Dodoma, kupitia Dumila, Gairo na Kibaigwa, palibaki pa vumbi na tope mpaka miaka ya 1980. Lami ilipokuja, mwendo ukapanda na ajali nazo. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa akirudi Dar es Salaam kwa gari baada ya kikao cha Bunge Dodoma. Alifariki dunia katika ajali eneo la Wami-Dakawa, mkoani Morogoro. Kila Mtanzania mwenye umri anakumbuka alikuwa wapi alipozisikia habari hizo redioni. Wapo wanaouliza mpaka leo kwa nini hakupanda ndege. Barabara ile ilikuwa njia ya kawaida ya viongozi, kama ilivyo mpaka sasa.

Miaka kumi ya mpango ikaisha, na mingine kumi. Mwaka 1996 Bunge likahamishia vikao vyake vyote Dodoma, na baadaye likapata ukumbi wake mpya uliofunguliwa mwaka 2006. Hapo ndipo ilipozaliwa tabia ya nchi kuwa na makao makuu ya msimu. Bunge likianza, mashangingi yanapanga foleni kuanzia Kibaha, nyumba za wageni za Dodoma zinajaa, bei ya chumba inapaa, nyama choma inapungua. Bunge likiahirishwa, mji unapumua. Mawaziri walikuja Dodoma kujibu maswali na kurudi Dar kusaini mafaili.

Hapa nina maoni yangu, na sitayaficha. Naamini ni wepesi wa kwenda na kurudi uliochelewesha kuhama. Kama njia ingekuwa bado ya wiki mbili, serikali ingelazimika kuchagua kukaa pwani au bara, na ingechagua mapema. Lami na ndege viliiwezesha isichague. Kwa miaka 20 gharama ya kutochagua ililipwa kwa mafuta, posho na tiketi. Kwa hesabu yangu, saa moja ya angani ilikuwa adui mkubwa wa makao makuu kuliko kilomita 450 za ardhini.

Waliobaki na reli ya zamani hawakuwa na anasa hiyo. Kutoka Kilosa reli inapanda bonde la Mkondoa kuelekea Kidete, Godegode na Gulwe, ikishikana na mto kwa karibu mno. Mvua kubwa zikija, mto huchukua tuta na reli pamoja. Mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliikata njia hiyo kwa miezi. Na tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima eneo la Igandu, ikiwa inaikaribia Dodoma, ilishindwa kuendelea, ikaanza kurudi nyuma, ikateremka kwa kasi mpaka ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida waliochagua treni kwa sababu ilikuwa nafuu kuliko basi.

Mabasi yalichukua abiria waliobaki. Saa nane, tisa, kumi, ikitegemea foleni ya Kimara, mizani, na askari wenye tochi za kupima mwendo katika kila kijiji chenye alama ya 50. Kwa karibu miaka 30 mabasi yalikatazwa kusafiri usiku, hivyo mtu wa Dodoma aliamka saa kumi alfajiri kuwahi basi la saa kumi na mbili. Ruhusa ya usiku ilirudi mwaka 2023.

Tarehe 25 Julai 2016, Siku ya Mashujaa, Rais John Magufuli alitangaza Dodoma kwamba serikali yote itahamia huko kabla ya muda wake kwisha. Mwezi Septemba Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia. Mwezi huohuo Shirika la Ndege la Tanzania, lililokuwa limebaki jina tu, lilipokea ndege zake mbili mpya za Q400, kila moja ya abiria 76. Mambo hayo mawili hayakupangwa kama ndoa, lakini yalioana. Njia ya kurukia Dodoma ikarefushwa mpaka mita 2,500, kisha ikaongezwa tena, na ndege za Airbus A220 nazo zikatua.

Urefu wa njia ya kurukia Dodoma una sababu ambayo mtu wa pwani huwa haifikirii. Uwanja uko mita 1,119 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na mchana wa Oktoba, joto likipanda, inazidi kuwa nyepesi. Mbawa hazipati cha kushika, injini hazipati pumzi ya kutosha, na ndege lazima ikimbie zaidi kabla ya kunyanyuka. Njia ikiwa fupi, dawa ni kupunguza uzito: mafuta, mizigo au watu. Ndege ileile iliyojaa bila wasiwasi Dar inaweza kulazimika kuhesabu kilo Dodoma.

Ukichora mstari ulionyooka kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, unaiacha milima ya Uluguru kushoto, unapita juu ya milima ya Ukaguru, unakwenda karibu kabisa na Mpwapwa. Kwa mwendo wa Q400, Marenga Mkali inakwisha katika dakika tano au sita, muda ambao mhudumu bado anakusanya vikombe. Chini panaonekana kijivu chenye madoa ya mibuyu, na mito ya mchanga mitupu.

Lakini fuata abiria mmoja kutoka mlango mpaka mlango. Anatoka Chang'ombe ya Temeke. Uwanja wa Julius Nyerere hauko mbali, ila Barabara ya Nyerere haiulizi umbali, kwa hiyo anaondoka mapema. Anapanga foleni ya mzigo, anavua mkanda, anavaa mkanda, anakaa. Ndege imechelewa kutoka Mwanza, nusu saa. Anapanda, anaruka, anatua Dodoma, anasubiri begi. Nje kuna bajaji, na kwa kuwa uwanja uko mjini, Chang'ombe ya pili si safari. Jumla ni saa tatu na nusu au nne, na moja tu kati yake ilikuwa ya angani. Zilizobaki ni hongo, japo siku hizi hailipwi kwa doti.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoipa nguvu treni ya umeme. Ujenzi wa reli ya kisasa ulianza mwaka 2017. Treni za abiria zilifika Morogoro Juni 2024, na Dodoma tarehe 25 Julai 2024. Rais Samia Suluhu Hassan akazindua huduma hiyo rasmi tarehe 1 Agosti. Inakwenda mpaka kilomita 160 kwa saa, na milima ya Kilosa inaitoboa kwa mahandaki badala ya kubembelezana na Mkondoa. Nauli ya kawaida ya Dar mpaka Dodoma ilianzia shilingi 31,000. Muda ni saa tatu na nusu hivi kwa treni ya haraka, zaidi kidogo kwa ya kawaida. Wiki ya kwanza umeme ulikatika njiani, na Shirika la Reli likatoa taarifa kwamba ngedere na bundi waliogusa nyaya walihusika. Nchi nzima ilicheka, hasa kwa huyo bundi, lakini viti viliendelea kujaa.

Mabasi yameipata hasara yake waziwazi, na hata ndege zimehisi. Mtumishi wa serikali anayelipiwa tiketi bado anaruka, kwa kuwa anayelipiwa hahesabu. Anayejilipia anahesabu, na anaona kwamba tofauti ya treni na ndege, mlango kwa mlango, inaweza isifike hata saa mbili, na tofauti ya bei ni mara kadhaa. Stesheni ya Dodoma iko Mkonze, nje kidogo ya mji, kwa hiyo treni nayo ina bajaji yake ya mwisho. Uwanja wa ndege wa mjini ulikuwa na faida moja ambayo hakuna aliyeweza kuinyang'anya: ukishuka, umefika.

Hiyo nayo inaondoka. Huko Msalato, kilomita zaidi ya kumi kaskazini mwa mji kwa njia ya Arusha, unajengwa uwanja wa kimataifa wenye njia ya kurukia ya mita 3,600, kwa mkopo ambao sehemu kubwa umetoka Benki ya Maendeleo ya Afrika. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2022. Ndege kubwa zitaondoka zimejaa hata mchana wa Oktoba, na atakayetaka kwenda Dubai hatahitaji tena kupitia Dar. Kwa abiria wa Chang'ombe anayekwenda Chang'ombe, saa ya angani itabaki ileile, na itabidi aamke mapema zaidi.